Kauli ya Mpima Ardhi

1

Swali la mia mbili na kumi na nne lilihusu kulishwa.

"Ikifika siku huwezi kushika kijiko mwenyewe," Nesi Bupe alisoma kwenye kibao chake, "utakubali kulishwa na mtu mwingine?"

Ambakisye Mwasomola hakujibu upesi. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na saba, na hakuwahi kutamka kipimo kabla ya kukihakiki mara ya pili. Alikaa wima kwenye kiti, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nyuma ya sikio lake la kushoto, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kilikuwa kikiwaka na kuzimika taratibu. Kilisikiliza maneno yake, na chini ya maneno kilisikiliza ubongo wenyewe: wapi umesita, wapi umeogopa, wapi umeamua.

"Akinilisha Lusajo, nakubali," alisema. "Mtu mwingine, hapana. Mrija, hapana. Hiyo ya mrija andika mara mbili."

"Haiandikwi mara mbili, Baba."

"Basi mkazo uonekane."

Lusajo, mdogo wake, alikuwa kizingitini akimenya ndizi za mchana, akacheka kimya kimya. Alikuwa na miaka sitini na minne, fundi wa kuchomelea ambaye nusu ya mageti ya Tukuyu yalitoka mikononi mwake. Wazazi wao walipokufa yeye alikuwa na miaka sita na Ambakisye kumi na mitatu, na tangu hapo hakuwa na mzazi mwingine zaidi ya kaka yake. Siku waliyoambiwa kuhusu ugonjwa huo, unaokula ubongo kuanzia mbele kama mchwa kwenye mbao za dari, alifunga karakana, akabeba godoro lake na vifaa vyake vya kazi, akahamia kwa kaka.

Daktari alikuwa amewapa mwaka mmoja, na katika mwaka huo miezi minne ya akili timamu. Hiyo minne ilikwenda yote kwenye maswali. Kwa sheria ya nyakati hizo, mgonjwa asiyepona hakuruhusiwa kuuguziwa nyumbani mpaka amekamilisha kauli yake. Kauli ikikamilika, inatiwa ndani ya kasha la dawa linalofungwa ukutani, na kuanzia siku akili ya mgonjwa itakapoonekana imetoka, kasha ndilo linalosema kwa niaba yake. Watu waliliita Msemaji. Droo za dawa zilifunguka kwa ridhaa yake, na bila ridhaa yake hazikufunguka.

Siku hiyo walifika swali la mwisho.

"Kipimo chako ni kipi, Baba?" Bupe aliuliza. "Ni jambo gani likitokea tuseme basi?"

Ambakisye alitazama kizingitini.

"Siku nitakayomtazama Lusajo nisimjue, yangu yameisha. Dawa ya maumivu nipeni. Dawa ya kunirudisha msinipe. Nikishikwa na homa, iacheni homa ifanye kazi yake."

Kisu cha Lusajo kilisimama. "Na kama mimi nitakuwa bado nakujua wewe, kaka?"

"Wewe utanijua hadi kaburini. Hicho si kipimo."

"Ningeomba ufikiri tena."

"Nimefikiri miezi minne, mdogo wangu. Nimeona watu wakibakizwa kama bikoni shambani, zimesimama tu, hakuna anayejua zinaonyesha mpaka wa nani. Mimi sitaki."

Bupe aliligeukia kasha la bluu ukutani, ambalo lilikuwa halijawahi kusema neno. Utaratibu ulitaka lijaribiwe kwa swali ambalo mgonjwa hajaulizwa.

"Lusajo akiugua akashindwa kukuhudumia, tufanyeje?"

Kasha lilijibu kwa sauti ya Ambakisye, kavu, isiyo na haraka. "Nipelekeni popote. Lakini msimwambie kwamba alishindwa."

Ambakisye alilitazama kasha jinsi mtu anavyotazama picha yake aliyopigwa akiwa usingizini.

"Ndivyo ningesema," alikiri, akaweka dole gumba kwenye kibao.

2

Akili ilitoka taratibu, kama maji kwenye ndoo yenye tundu dogo. Kwanza yaliondoka majina ya vitu, zikafuata siku, halafu watu. Mwezi wa saba asubuhi moja Ambakisye alimkuta Lusajo akipuliza moto jikoni.

"Fundi, umekuja mapema leo. Nani amekufungulia?"

Lusajo alisimama na kipande cha kuni mkononi. "Mwenye nyumba," alisema.

"Mtu mzuri yule," Ambakisye alisema, akaketi kungoja chai.

Ukutani, taa ya kasha ikageuka kutoka kijani kuwa njano. Msemaji alikuwa ameshika zamu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, si daktari wala Bupe wala Ambakisye mwenyewe katika maswali yake yote, ni kwamba aliyebaki alikuwa na furaha. Ambakisye wa zamani alicheka mara moja kwa mwaka, tena kwa aibu. Huyu alichekea kuku. Alichekea mvuke wa sufuria. Alipata kamba ya katani akaifunga mafundo kila hatua moja, na kila siku mvua iliponyamaza walitoka uani kupima. Lusajo alishika ncha moja, yeye nyingine, wakapima kutoka ukutani hadi mparachichi, na kutoka mparachichi hadi chooni.

"Ngapi, mzee?"

"Kumi na nne na kidogo. Hiyo 'kidogo' ndiyo inayoleta kesi mahakamani, fundi. Vuta vizuri."

Na aliogopa kuachwa peke yake. Lusajo akitaka kwenda hata chooni, mkono ulimshika shati. "Usiondoke, fundi. Kazi haijaisha." Alilala huku amelishika shati hilo.

Binti yake Tusekile alikuja kutoka Dodoma kwa siku mbili. Alikuwa hakimu, mwanamke mrefu aliyerithi mgongo wa baba yake. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kwako, Baba. Tusekile."

"Jina zuri," alisema kwa adabu, kisha akamnong'oneza Lusajo, "Huyu mama kapotea njia. Mpe chai kwanza, ndiyo umwelekeze."

Tusekile alitoka, akasimama nyuma ya nyumba akiwa ameegemea tangi la maji. Lusajo alimfuata.

"Huyu si baba yangu," Tusekile alisema.

"Anakula. Analala. Anacheka. Kama si baba yako ni nani?"

"Baba alijua jina langu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyelichagua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Baba mdogo, homa itakuja. Wagonjwa wa hivi wote inawajia, kifuani. Itakapokuja, utafanya alivyotaka?"

"Itakapokuja tutaona."

"Hapana. Yeye alikaa miezi minne kwenye kile kiti ili mimi na wewe tusije tukasema 'tutaona'."

3

Homa ilikuja Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha kwa siku ya tano mfululizo. Kufikia saa nne kifua cha Ambakisye kilikuwa kikitoa sauti ya mkasi kwenye karatasi. Bupe alifika na buti zimejaa tope, akamwekea kipimo kifuani, akasoma, akakitoa.

"Nimonia," alisema. "Pafu la kulia lote."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Iko humo." Alionyesha kasha. "Vidonge vya siku saba. Kwa mwili wake ulivyo, vinaweza kumtoa."

Alisogea mbele ya kasha akasoma hali ya mgonjwa kwa sauti, kama sheria ilivyotaka, akaomba droo ya tatu.

"Hapana," kasha lilisema. "Droo ya kwanza, ndiyo. Mofini, kiasi cha kunituliza. Na oksijeni ya puani kama itanipunguzia kuhema. Basi."

Droo ya kwanza ilifunguka yenyewe. Bupe akachukua kichupa akaanza kuandaa sindano, mikono yake ikienda polepole kuliko kawaida.

Lusajo alisimama mbele ya kasha. Hakuwahi kuzungumza nalo. Miezi yote alilipita kama mtu anavyompita mbwa wa jirani.

"Fungua droo ya tatu," alisema.

"Lusajo," kasha lilisema.

Hakuna aliyekuwa amemwita jina lake kwa sauti ile tangu mwezi wa saba.

"Nipo, kaka," alijibu kabla hajajizuia.

"Umechoka. Nasikia unavyopumua."

"Fungua, kaka. Nakuomba."

"Sifungui. Ulikuwepo nilipolisema hili. Ulinyamazisha kisu ukanisikia."

"Wewe ulisema kwa kuogopa. Uliogopa kuwa gogo. Hukuwa gogo! Ungejiona! Unacheka mpaka machozi. Jana umekula mihogo miwili. Hukujua itakuwa hivi."

"Sikujua," Msemaji alikubali. "Lakini huyo anayecheka hanijui mimi, wala hakujui wewe. Mimi nakujua. Nakumbuka ulivyokojoa kitandani usiku tuliomzika mama, nikageuza godoro watu wasione. Nani kati yetu ni kaka yako?"

Kitandani, Ambakisye alifumbua macho.

"Fundi. Nani huyo anafoka?"

"Ni redio, mzee."

"Izime. Ana roho mbaya."

Alikohoa kwa muda mrefu, na alipomaliza alinyoosha mkono akakamata shati la Lusajo. "Kifua kinaniuma. Kesho tutapima upande wa mtoni?"

"Unataka tupime?"

"Kazi haijaisha."

"Unataka dawa ya kukuponya, mzee?"

"Nataka. Ipo?"

Lusajo akamgeukia Bupe. "Umemsikia. Amesema anataka."

"Nimemsikia," Bupe alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukimwuliza kama anataka kumeza misumari, Baba, ukiuliza kwa upole atasema anataka. Ndiyo maana tulimwuliza wakati ule, si sasa."

Simu ya ukutani ilikuwa ikilia. Ilikuwa Tusekile, kasha lilikuwa limempa taarifa kama msimamizi wa kauli. Uso wake ulijaa kiooni.

"Baba mdogo, usiguse kitu."

"Hujamwona akicheka."

"Nimemwona. Simjui anayecheka. Sikiliza. Kabla hajapoteza maneno, baba alinipigia. Aliniambia, 'Lusajo atashindwa. Ana moyo laini tangu utoto. Siku hiyo mwambie nilijua atashindwa, na mwambie asishindwe.' Nakwambia sasa. Usishindwe."

"Mkono wake uko kwenye shati langu, Tusekile. Wako uko wapi?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Uso wa kiooni ulirudi nyuma kidogo, kisha kioo kikawa cheusi.

Lusajo alikaa kitandani. Mofini ilikuwa imeanza kufanya kazi, na sauti ya mkasi kifuani ilipungua, ila haikukoma. Alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza tena. Kisha akaifungua mikono ya kaka yake kidole kimoja kimoja, akatoka kwenda stoo.

Aliporudi alikuwa ameshika grenda ya kukatia chuma, waya wake ukiburuta nyuma.

Bupe alisimama. "Baba, hujui unachokivunja. Si droo tu. Kasha likivunjwa, kauli yote inafutika, na Msemaji anazimika. Sheria itamchukua kama mtu asiye na kauli: atapelekwa Nyumba ya Uangalizi mjini, na kule wanafanya kila kinachowezekana. Kila kitu, umenielewa? Mrija. Mashine. Na wewe hutaruhusiwa kumwona mpaka shauri lisikilizwe."

"Atakuwa hai."

"Atakuwa hai bila wewe. Ndicho unachompa."

"Na nikikaa nikamwangalia, nampa nini?"

"Alichoomba," Bupe alisema. "Na mimi nitaandika nilichokiona. Siwezi kusema uongo kwenye kazi hii."

"Andika, mwanangu."

Alichomeka waya. Msemaji alisema bila kupaza sauti.

"Lusajo. Jiwe la grenda limeisha upande mmoja. Litakurukia. Vaa miwani."

Lusajo aliweka grenda chini. Kisha akarudi stoo, akavaa miwani, akaja akakata. Cheche ziliruka ukutani zikaacha madoa meusi kwenye chokaa. Ambakisye alipiga kelele mara moja kwa hofu, halafu akaona zile cheche, akaanza kuchekelea katikati ya kuhema. Taa ya njano ikazimika.

Lusajo aliingiza mkono kwenye chuma cha moto, akatoa pakiti ya kwanza aliyoigusa.

"Si hizo," Bupe alisema kwa sauti ya chini. "Za kulia. Moja asubuhi, moja jioni. Mpondee kwenye uji."

4

Mvua ilikuwa imekata daraja, kwa hiyo gari la Nyumba ya Uangalizi lilichukua siku tatu kufika. Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tatu asubuhi Ambakisye alikaa mwenyewe, akala ndizi mbivu, akaomba kamba yake. Hakuwa na nguvu za kutoka, hivyo walipima kitanda. Hatua mbili na kidogo.

Gari lilifika saa sita. Watumishi walikuwa wawili, vijana wapole, waliosoma karatasi kwa sauti na kuomba radhi kila baada ya aya. Ambakisye alipandishwa kwenye machela akiwa ameshika shati la Lusajo. Mmoja wao aliifungua mikono yake taratibu.

"Fundi haji?"

"Fundi atakuja," Lusajo alisema.

Hakumfikia. Alikwenda mara kumi na moja hadi geti la Nyumba ile, na mara zote alionyeshwa amri ile ile: mhudumu aliyevunja kauli asimkaribie mgonjwa hadi shauri lisikilizwe. Siku ya shauri iliahirishwa mara mbili. Habari alizipata kwa Bupe, ambaye zamu zake zilimpeleka mjini kila Ijumaa, na ambaye hakumficha kitu kwa sababu Lusajo alikuwa amemwomba asimfiche.

Wiki mbili za kwanza Ambakisye alikula vizuri. Wiki ya tatu koo lilisahau kumeza. Wakamtia mrija puani, akautoa. Wakautia tena, akautoa. Wakamfunga mikono kwa mikanda laini kwenye kingo za kitanda.

"Anasema chochote?" Lusajo aliuliza.

Bupe alitazama pembeni. "Anamwita fundi. Kutwa. Walidhani kuna kitu kimeharibika chumbani kwake. Wakampeleka fundi wa jengo, akakagua taa na bomba, akasema kila kitu kizima."

"Na yeye?"

"Alimwambia yule fundi, 'Si wewe.'"

Lusajo aliinamisha kichwa mezani. Bupe alikaa naye mpaka chai ikapoa, ndipo akaondoka.

Ambakisye alikufa wiki ya tano, siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Kwa kifo, amri ilikoma; hakuna sheria iliyomzuia mdogo mtu kuuchukua mwili wa kaka yake. Lusajo alifika na shati jeupe la mikono mirefu, suti ya kijivu na sabuni. Aliomba aoshe mwenyewe. Mhudumu wa chumba cha maiti akamwachia beseni na kutoka.

Alianza usoni. Pua ilikuwa na kidonda pale mrija ulipopita. Mbavu zilihesabika. Alipofika mikononi aliona vifundo vyote viwili vimezungukwa na ukanda wa ngozi nyeusi, iliyochubuka, ikapona, ikachubuka tena. Aliosha hapo kwa ncha za vidole kwa muda mrefu kana kwamba bado panauma.

Mlango ulifunguka. Tusekile aliingia na mkoba wa safari begani, akasimama hatua tatu kutoka meza. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya grenda.

"Pole, mwanangu," Lusajo alisema bila kugeuka.

Tusekile alitazama uso, akatazama pua, akashuka kwenye mikono. Lusajo alitaka kuvuta shuka aifunike, akaona hapana, akaacha.

"Wiki tano," Tusekile alisema. "Alisema hapana kwa mrija kwa mkazo kuliko alivyosema hapana kwa kitu kingine chochote. Nilisoma kauli kabla haijafutika. Ulimpa wiki tano, baba mdogo. Zilikuwa za nani?"

Lusajo alifikiri juu ya siku tatu za mvua, na ndizi mbivu, na kitanda kilichopimwa. Alifikiri juu ya mikanda. Alizipima zote mbili na hakuona zilipokutana.

"Sijui," alisema. "Tatu za kwanza nilidhani zake. Siku tatu. Zilizobaki zilikuwa zangu, na alizilipia yeye."

"Ungefanya tena?"

"Usiniulize hapa."

"Baraza linalosikiliza shauri litakuuliza Jumatatu."

"Nitawaambia ukweli. Kwamba kaka alijua nitashindwa, nikashindwa. Na kwamba alinishika shati. Waandike yote mawili, wasichague."

Tusekile aliweka mkoba chini. "Sijakusamehe."

"Najua."

Lusajo aliuinua mwili mabegani, akaanza kuuvika shati. Mkono wa kwanza uliingia. Wa pili ulikuwa mgumu, ukagoma kupita, naye peke yake hakuweza kushika mwili na kuvuta nguo kwa pamoja. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu Tusekile alizunguka meza, akamshika baba yake kiwiko, akakikunja polepole mpaka mkono ukapita. Kisha akaushusha mkono wa shati hadi kifundoni, akaifunika ngozi nyeusi, akaanza kufunga kifungo. Kifungo kilimponyoka, akakishika tena.

"Huo mwingine," alisema.

Lusajo akamsogezea.